Kamera ya boti kwenye tabuleti: kutoka Luthuli hadi ziwani

Maswali ni yale yale. Boti iko Naivasha na intaneti hakuna, kamera itaonekanaje? Mezani South B, Nairobi, ilifanya kazi vizuri, mbona ziwani tabuleti inazungusha duara tu? Ninunue inveta? Huu hapa utaratibu mzima, kwa mtu anayenunua vifaa Nairobi na kwenda kuvifunga kwenye boti ya Naivasha, Kisumu au Pwani. Si lazima uwe fundi wa mitandao. Ujue tu kushika bisibisi, kusoma multimita, na uwe na Jumamosi moja isiyo na haraka.

Kabla ya kutoa pesa, elewa jambo hili: nahodha kuona picha ya kamera iliyo mita sita nyuma yake hakuhitaji intaneti hata chembe. Picha hutoka kwenye kamera, hupita kwenye rauta iliyomo botini, huingia kwenye tabuleti. Basi. Intaneti inatakiwa tu ukitaka kuichungulia boti ukiwa Nairobi, na hiyo ni kazi ya pili, iko mbele huko. Wengi hukwama kwa sababu walinunua kamera isiyoweza kuonyesha chochote mpaka kwanza iwasiliane na seva ya ng'ambo.

VITU VYA KUWA NAVYO

Kamera. Muulize muuzaji wa Luthuli Avenue swali moja tu: "Inatoa RTSP?" Akijibu "ina app yake," hajajibu. RTSP ndiyo njia inayoiwezesha programu yoyote kuvuta picha moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Kamera za waya za Hikvision na Dahua huwa nayo. Za Tapo zinazotumia umeme wa waya nyingi huwa nayo pia, ila sharti ufungue akaunti ya kamera ndani ya programu yake kwanza. Kamera za betri ziepuke: hulala ili kuokoa chaji, na kitu kinachosinzia hakiwezi kutoa picha muda wote. Zaidi ya hapo, kamera iwe ya volti 12 na iwe na alama ya IP66 au IP67, yaani haipitishi vumbi wala maji. Soma kibandiko cha umeme mwenyewe. Baadhi ya Tapo za nje hutumia volti 9, na ukizipa 12 umeziua.

Rauta ndogo ya volti 12. Ile kuukuu iliyolala kabatini inafaa, mradi kibandiko chake kiseme 12V. Nyingine huwa 9 au 5.

Kigeuza umeme kinachopokea volti 9 hadi 36 na kutoa 12 thabiti, ampea 3 au zaidi. Kiwe kinapandisha na kushusha. Kile cha kushusha tu hakiwezi kutoa 12 betri ikifika 11.8.

Vingine: waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita 1.5 za mraba, mwekundu na mweusi, kishikio cha fyuzi na fyuzi kadhaa za ampea 5 (Kirinyaga Road wanazo, ni zile za magari), swichi isiyopitisha maji, kebo ya mtandao ya Cat6 ya nje, vichwa vyake vya RJ45 visivyopungua kumi na koleo lake, kisanduku cha plastiki chenye mpira wa kuziba, vibanio vya mpira vya kupitishia kebo, grisi ya umeme, multimita, tabuleti, na programu ya VLC, ambayo ni ya bure.

Kwenye Cat6 kuwa mkali. Nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Alumini hukatika kwa mtikisiko wa injini, na kwenye unyevu huoza haraka.

Skrubu na braketi: za ziwani ziwe chuma cha pua cha kawaida, za baharini ziwe daraja la 316. Braketi ya bati kutoka Kamukunji ni kazi nzuri ya mikono, lakini majini itashika kutu na kuacha machozi mekundu juu ya faiba nyeupe.

Na inveta? Hapana. Kubadili volti 12 kuwa 240, kisha adapta izirudishe kuwa 12, ni kupoteza umeme mara mbili, na unaingiza umeme wa kuua mtu kwenye chombo chenye maji.

KAZI YENYEWE

Hatua ya 1 hadi ya 3 zifanye Nairobi, mezani. Naivasha ni kilomita 90 hivi, na kichwa cha RJ45 ulichosahau hutakipata pale Karagita katikati ya wauza samaki.

1. Piga hesabu ya umeme. Kamera moja hutumia wati 6 hivi usiku taa zake za infraredi zikiwaka, na rauta wati 6. Jumla 12, yaani ampea 1 kwenye volti 12. Ukiviacha usiku na mchana ni ampea-saa 24. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 za kutumia: siku mbili, na injini haijawaka. Boti yenye betri moja tu, ile ile ya kuwasha injini, isiachwe na kamera inayokesha. Ama ongeza betri ya pili, ama paneli ya sola, ama zima swichi ukishuka.

2. Panga anwani za mtandao. Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo enda polepole. Kila kifaa kina anwani ya IP yenye namba nne, na kwenye mtandao mdogo kama huu namba tatu za mwanzo lazima zifanane. Hikvision nyingi hutoka kiwandani zikiwa 192.168.1.64, Dahua 192.168.1.108. Rauta yako huenda ni 192.168.8.1. Angalia namba ya tatu: 1 na 8. Hao ni majirani wasioonana. Ingia kwenye rauta, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.1, na iambie igawe anwani kuanzia 192.168.1.100 hadi 150. Kisha unganisha kamera kwa kebo, ifungue kwa kivinjari cha kompyuta, na uipe anwani ya kudumu nje ya mgao huo, tuseme 192.168.1.21. Kamera ya pili iwe 22. Ziandike kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko cha kisanduku.

Hikvision mpya haifanyi chochote mpaka uipe nenosiri la kwanza. Tumia herufi na namba tu, kumi au zaidi. Alama za @ na # huvuruga anwani ya RTSP, na watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kosa lililo kwenye nenosiri lao wenyewe.

Ukiwa bado humo ndani, weka mkondo mdogo wa picha (ule mwepesi) uwe H.264, ambayo ni njia ya kubana video, fremu 15 kwa sekunde, kilobiti 512. Mkondo mkuu unaweza kubaki H.265 kwa ajili ya kurekodi. Tabuleti za zamani hulemewa na H.265: picha hukatika na kifaa kinachemka. Weka pia fremu kamili moja kila sekunde, yaani kipindi cha 15, ili picha ifunguke mara tu unapogusa.

3. Ifungue kwenye VLC. Unganisha tabuleti na waifai ya rauta. Ndani ya VLC tafuta sehemu ya kufungua mkondo wa mtandao, andika anwani kulingana na aina ya kamera:

Hikvision: rtsp://jina:nenosiri@192.168.1.21:554/Streaming/Channels/102
Dahua: rtsp://jina:nenosiri@192.168.1.21:554/cam/realmonitor?channel=1&subtype=1
Tapo: rtsp://jina:nenosiri@192.168.1.21:554/stream2

Zote hizo ni za mkondo mdogo. Kwa mkondo mkuu weka 101, subtype=0, au stream1. Herufi kubwa na ndogo zifuate kama zilivyo. "Streaming" kwa s ndogo inaweza kukunyima picha. Ikifunguka, ihifadhi kwenye vipendwa.

Picha ya VLC huchelewa sekunde moja au zaidi kwa sababu programu hujiwekea akiba. Kwenye mipangilio punguza akiba ya mtandao hadi milisekunde 300. Ukishusha zaidi itaanza kukwaruza. Kwa anayetaka kamera nne kwenye skrini moja, tinyCam ya Android ni afadhali kuliko VLC.

Iache ikiwaka mezani usiku kucha. Kitu kitakachokufa, kife Nairobi.

4. Chagua mahali pa kamera. Kuangalia injini na tezi, yaani nyuma ya boti, iweke juu kwenye paa au mlingoti mfupi, ikitazama chini kidogo, mbali na moshi. Usiiweke nyuma ya kioo: usiku taa zake zitagonga kioo na kurudi, utaona weupe mtupu. Isiwe karibu na dira, kwa sababu ndani ya kamera mna visumaku. Acha mita moja. Na ikiwa boti hubeba abiria, weka tangazo kwamba kuna kamera, usiielekeze wanapobadilishia nguo, na ujue kwamba picha za watu zinaangukia chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Kwenye boti ya faiba au mbao waifai hupita bila shida. Ya chuma au alumini huizuia, kwa hiyo humo kamera iunganishwe na rauta kwa kebo, na rauta ikae chumba kimoja na tabuleti. Sisi tungetumia kebo hata kwenye faiba.

5. Pitisha kebo. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji ya botini nayo hufuata methali hiyo hiyo: yakiingilia popote, mwisho wake ni ngamani, chini kabisa ya boti. Kwa hiyo hakuna kiungo cha waya, kisanduku wala rauta itakayokaa humo chini. Pitisha kebo juu, kando ya ukingo, na uifunge kila sentimita 30 au 40 isicheze. Kabla ya kebo kuingia kwenye tundu lolote, ishushe kwanza kama kidevu halafu ipande. Matone yatadondokea hapo badala ya kuingia ndani.

Mpangilio wa rangi kwenye RJ45, ncha zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kiungo cha nyuma ya kamera, ule mkia wenye tundu la RJ45, ndicho hufa kwanza. Paka grisi ya umeme kwenye pini, vaa ile kofia ya mpira iliyokuja na kamera (watu huitupa pamoja na boksi), kisha ukifiche ndani ya kisanduku.

Hutaki kuvuta waya wa umeme kando ya Cat6? Kamera haitumii jozi ya buluu na ya kahawia kwa picha kwenye kasi ya megabiti 100. Vigawanyaji vya bei nafuu hupitisha volti 12 humo: pini 4 na 5 chanya, 7 na 8 hasi. Kwa mita 10 inatosha. Kwa mita 30 volti zitapungua, na usiku infraredi zikiwaka kamera inaweza kujizima na kujiwasha. Tahadhari: hii si PoE halisi (mfumo rasmi wa kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao) ya volti 48, usivichanganye.

6. Unganisha umeme. Betri, fyuzi, swichi, kigeuza umeme, halafu kamera na rauta. Fyuzi ikae kwenye waya chanya, sentimita 18 au pungufu kutoka kwenye betri, kwa sababu inalinda waya kabla ya kulinda kamera. Waya ukichubuka kati ya betri na fyuzi ni moto. Kwenye boti ya petroli yenye injini ya ndani, swichi na kiungo chochote kinachoweza kutoa cheche visiingie chumba cha injini. Mvuke wa petroli hukaa chini na kusubiri.

Kabla ya kuchomeka kamera, pima kwa multimita: chanya ni chanya kweli? Ni 12 kweli? Mwambie mwenzako awashe injini huku ukitazama. Upande wa betri utaona volti zinaporomoka wakati wa kuwasha, halafu zinapanda hadi 14 na kitu. Upande wa kigeuza zibaki 12 bila kutikisika. Hiyo ndiyo kazi uliyokinunulia. Boti ya volti 24 bila kigeuza ni kamera iliyoungua.

7. Weka saa na ugeuze picha. Bila intaneti kamera haina pa kuulizia saa. Ipange kwa mkono, kanda ya GMT+3, na uikague kila baada ya umeme kukatika. Kama umeiwekea kadi ya kurekodi, megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku, hivyo kadi ya 128 hubeba siku tano na ushee kabla ya kufuta za zamani.

8. Funga tabuleti. Ikae pembeni ya usukani, kivulini, isizibe dira wala mbele. Jua la adhuhuri huipasha mpaka inafifia au kujizima. iPad zimepangwa kwa joto la hewa lisilozidi nyuzi 35. Nahodha akivaa miwani ya kukata mng'ao, tabuleti ikiwa wima huenda akaona skrini nyeusi. Igeuze ilale. Chaja ya USB chukua nzuri, maana zile za barabarani hutoa kelele inayoingia kwenye redio ya VHF. Ukisikia mkoromo unaoisha ukichomoa chaja, umempata mhalifu.

Kamera isimfanye nahodha aache kutazama nje. Kanuni ya 5 ya kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 inataka ulinzi wa macho na masikio wakati wote, na kiboko wa Naivasha hajali uko kwenye kamera gani.

KUIONA BOTI UKIWA NAIROBI

Hapa sasa ndipo intaneti inapoingia. Weka rauta ya 4G yenye laini yake. Mkondo wa kilobiti 512 hula megabaiti 230 kwa saa. Ukiuacha wazi mchana na usiku ni gigabaiti 5.5 kwa siku, bando litalia. Uchungulie, ufunge.

Usihangaike kufungua milango kwenye rauta. Laini za simu kwa kawaida hushirikisha wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo mlango unaoufungua hauonekani kutoka nje. Na hata ungeonekana, ungekuwa umeiweka boti yako mbele ya kila mdukuzi wa dunia. Tumia ama programu ya mtengenezaji wa kamera, ama handaki la siri kama WireGuard au Tailscale kwenye rauta inayoliruhusu. Ukichagua Tailscale, ile anwani ya RTSP ya hatua ya 3 hufanya kazi vilevile ukiwa Nairobi, mradi rauta imeruhusiwa kuutangaza mtandao wa botini.

IKIGOMA

Waifai imeshika, picha hakuna. Tazama kwanza kama tabuleti ya Android imegundua kwamba waifai haina intaneti na ikahamia data ya laini kimyakimya. Hili ndilo jibu la swali la South B: mezani rauta ilikuwa na intaneti, ziwani haina. Zima data, na tabuleti ikiuliza kama ibaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali na uweke alama isiulize tena. Kwenye iPad nenda sehemu ya faragha ukaipe VLC ruhusa ya mtandao wa ndani. Uliikataa siku ya kwanza bila kusoma.

Bado hakuna. Fungua 192.168.1.21 kwenye kivinjari cha tabuleti. Ukurasa wa kamera ukitokea, kosa liko kwenye anwani ya RTSP au nenosiri. Usipotokea, ni kebo, umeme au anwani. Hikvision hukufungia kwa muda ukikosea nenosiri mara kadhaa, kwa hiyo usibahatishe. Ngoja nusu saa.

Mchana safi, usiku inajizima na kujiwasha. Umeme hautoshi infraredi zikiwaka. Pima volti pale pale kwenye kamera usiku, si kwenye betri.

Usiku picha ina utando mweupe. Mara nyingi ni utando kweli: wadudu hufuata mwanga wa kamera, na buibui hufuata wadudu. Pangusa kwa kitambaa laini chenye maji safi. Baharini ni chumvi. Mwagia maji ya bomba kwanza, ukisugua chumvi kavu utachora lenzi.

Picha inakatika injini ikiwa kwenye mwendo tu. Shika kichwa cha RJ45 cha nyuma ya kamera, ukitikise boti ikiwa imetulia. Ikikatika, kikate na ukibane kipya. Isipokatika, sogeza Cat6 mbali na nyaya za injini, zipishane kwa pembe mraba badala ya kwenda sambamba.

Imekufa kabisa. Fyuzi. Ikiungua mara ya pili usiweke ya ampea 10. Fuata waya kwa mkono tangu betri mpaka kamera, na uangalie zaidi pale unapopita kwenye ukingo wa tundu la faiba.